Wafanyakazi Bilioni Sita wa Sikudhani

Ilikuwapo nchi moja, na kama hujawahi kuisikia usijilaumu, maana haimo kwenye ramani. Waliotaka kuichora waliambiwa wasubiri kibali, na kibali mpaka leo kinatafutiwa muhuri. Nchi hiyo iliitwa Jamhuri ya Tumeshafika. Watu wake walikuwa na furaha, na yule asiyekuwa na furaha alipewa siku saba za kujirekebisha.

Katika wilaya moja kavu ya nchi hiyo, mahali ambapo mvua hupita kama mgeni aliyekosea mlango, aliishi mwanamke aitwaye Sikudhani. Alikuwa na ekari mbili za mizabibu, mapipa manne ya mbao, na binti wa miezi tisa, Kibibi, ambaye makazi yake hasa yalikuwa mgongoni mwa mama yake. Mume alikuwa naye pia, lakini machimbo ya chokaa ya Serikali yalimwangukia. Sikudhani alipokwenda kuomba cheti cha kifo, aliambiwa kwa upole kwamba orodha ya wachimbaji haina jina hilo, na mtu asiyekuwapo hawezi kufa. Akarudi nyumbani mjane wa mtu asiyekuwapo, akaendelea na zabibu zake.

Divai aliitengeneza kama alivyofundishwa na mama mkwe. Zabibu zichumwe alfajiri zikiwa bado na ubaridi, zikanyagwe kwa miguu iliyosuguliwa ikasuguka, zimiminwe pipani, pipa lifunikwe kanga. Basi. Haongezi kitu, hapunguzi kitu. Kila asubuhi huinama, Kibibi akiwa amemning'inia mgongoni, akaweka sikio kwenye ubao wa pipa na kusikiliza. Pipa likichemka kwa pupa, ni mtoto aliyekamata ziwa kwa njaa. Likianza kugugumia polepole, ni mtoto anayeshiba. Likinyamaza, kalala, na mtoto aliyelala haamshwi. Mapadri wa misheni walichukua pipa moja, harusi zilichukua mawili, na la nne lililala mwaka mzima; hilo la nne ndilo lililompatia jina, hata watu wakawa wanasema, "Divai ya Sikudhani haikupigi kichwani, inakukalisha chini mkaongea."

Sasa nchini humo kulikuwa na Sheria ya Ardhi Isiyolala. Shamba ambalo mavuno yake hayakufika sokoni katika msimu lilirudi Serikalini, pamoja na nyumba iliyo juu yake na chungu kilicho jikoni. Msimu uliotangulia nzige walikuwa wamempitia Sikudhani wakamwachia vijiti, na alisamehewa mara moja tu, kwa kuwa nzige wale walithibitika kuwa wa kigeni. Safari hii hapakuwa na msamaha. Ama divai ifike sokoni, ama yeye na Kibibi wafike barabarani.

*

Balaa lilianza na fomu.

Watu wenye akili katika Jamhuri ya Tumeshafika walijaza fomu za Serikali kwa kuziacha wazi. Sikudhani, kwa bahati mbaya, alikuwa amesoma masomo ya jioni ya watu wazima, na mwalimu wake alikuwa amesisitiza mambo mawili: swali lijibiwe kwa sentensi kamili, na lijibiwe kweli. Basi fomu ya Idara ya Kazi ilipouliza, "Kazi katika kiwanda hiki hufanywa na nani, nao ni wangapi?", alikaa kizingitini, akamtoa Kibibi ziwa hili akamtia lile, akaandika kwa mwandiko wa kupendeza:

"Kazi yote ya kutengeneza divai hufanywa na chachu, ambao ni viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho. Kwa kukadiria, kila pipa lina bilioni moja na nusu. Mimi huwangojea tu."

Siku ya tatu akaja Afisa Kazi wa Wilaya, Ndugu Pakacha, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, amebeba fomu ile mbele yake kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi wa moto.

"Mama Kibibi, hapa umeandika wafanyakazi bilioni sita."

"Ndiyo, baba. Kwa kukadiria."

"Wanafanya kazi saa ngapi?"

"Usiku na mchana, mpaka wamalize."

"Bila kupumzika."

"Wakipumzika divai inaharibika."

"Wanalala wapi?"

"Humohumo pipani."

Ndugu Pakacha akaandika. "Na mshahara?"

Sikudhani akaangua kicheko. "Baba wewe! Ni chachu! Hujaona hamira ya maandazi? Hamira ni ndugu yao wa dukani."

"Usinichekeshe niko kazini, mama. Jamhuri nzima ina watu milioni nne. Wewe peke yako umeajiri bilioni sita, umewafungia kwenye mapipa, hakuna hata mmoja mwenye kitambulisho, halafu unaniletea habari za maandazi."

Alipoondoka, jirani, Mama Chausiku, ambaye aliuza vitumbua na kusikia kila kitu kwa sababu ua ulikuwa wa mabua, aliinua kichwa juu yake.

"Shoga, si ungeandika tu unafanya mwenyewe?"

"Lakini si kweli."

"Kweli! Hiyo kweli unaiunga na nini, nazi au karanga?"

*

Siku ya tisa pipa la kwanza lilinyamaza. Sikudhani aliweka sikio, akasikia utulivu ule autakao, akatabasamu. Alikuwa bado ameinama pale Ndugu Pakacha alipoingia na daftari kubwa la kusajilia.

"Tuanze na hawa," akasema. "Mbona kimya? Wamelala?"

Hapa mtu mwingine angesema wamelala. Sikudhani alijibu kwa sentensi kamili.

"Hapana, baba, hawa wamekufa. Divai ikiiva wanakufa wote, wanatua chini, wanakuwa mashapo."

Ndugu Pakacha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akavua kofia.

Kufikia adhuhuri bendera zote za wilaya zilikuwa nusu mlingoti. Redio ilikatisha taarabu ikapiga muziki wa kusikitisha. Siku tatu za maombolezo zilitangazwa, na aliyeonekana akicheka alichukuliwa akamalizie kicheko chake mbele ya wataalamu. Pipa la kwanza lilichukuliwa kama kielelezo, na kielelezo hicho wapelelezi wakakinywa chote kwa uchungu mkubwa, mpaka wengine ikabidi wabebwe. Mashapo yalitiwa jenezani. Watu wa kijiji kizima walipangwa mistari miwili kulisindikiza, na Waziri wa Kazi mwenyewe, Mheshimiwa Lukindo, alikuja na kipaza sauti chake.

"Ndugu wananchi!" akasema, na machozi yalikuwa yamekwisha kutayarishwa. "Bilioni moja na nusu! Tangu tupate uhuru wetu, taifa hili halijapata kupoteza wafanyakazi wengi namna hii kwa mpigo mmoja, isipokuwa kwa makusudi! Mtukufu Baba wa Wote amenituma niseme kwamba hakula chakula cha mchana. Amekula cha jioni mapema. Hakuna mfanyakazi wa nchi hii atakayekufa bila kuhesabiwa!"

Watu wakapiga makofi. Sikudhani, aliyesimama mbele kabisa kati ya askari wawili, aliona moyo wake ukifunguka kidogo. Alipopata nafasi akamsogelea Waziri, akainama.

"Mheshimiwa, nilikuwa nauliza. Mume wangu alifia kwenye machimbo ya chokaa. Kwa kuwa leo wanahesabiwa, labda na yeye..."

"Alikuwa chachu?"

"Alikuwa mtu, Mheshimiwa."

"Ah," akasema Waziri, na kwa kweli alionyesha masikitiko. "Pole sana."

*

Angefungwa siku ileile, na haya yangekuwa mafupi, lakini Mheshimiwa Lukindo alikuwa mtu wa kudadisi. Alikwenda kwenye pipa la pili, lililokuwa likichemka vizuri, akaweka sikio.

"Hebu nieleze. Wanakufaje?"

"Wanakula sukari, Mheshimiwa, wanatoa kileo. Kileo kikizidi humo ndani kinawaua."

"Yaani wanauawa na jasho lao wenyewe."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na hawalalamiki?"

"Sijapata kuwasikia."

"Basi hawa ni raia kamili," akasema Waziri, akanyooka. Uso wake ulikuwa unang'aa. "Ndugu Pakacha! Uchaguzi ni lini?"

"Siku thelathini na mbili zijazo, Mheshimiwa."

"Wana umri gani hawa, mama?"

"Siku mbili, tatu."

"Nauliza kwa umri wa kwao."

"Kwa umri wa kwao wameshazaa, Mheshimiwa. Wanazaa kila baada ya saa mbili."

"Mwenye watoto ni mtu mzima. Waandikishwe."

Ndivyo mapipa matatu ya Sikudhani yalivyokuwa Jimbo la Mapipa, lenye wapiga kura bilioni nne na nusu. Askari sita wakawekwa kuyalinda. Amri ikatoka: hakuna mpiga kura mwenye ruhusa ya kufa kabla ya kupiga kura.

"Lakini, Mheshimiwa," Sikudhani akasema, "ili wasife itabidi nimwage divai inayoiva na kuwatilia maji na sukari kila siku. Hiyo haitakuwa divai tena. Itakuwa maji ya kuoshea vyombo."

"Mama Kibibi, unataka nini hasa hapa duniani?"

"Divai yangu ifike sokoni. Nisinyang'anywe shamba, nina mtoto."

"Uchaguzi ukiisha, Serikali itanunua mapipa yote matatu, ladha yoyote itakayokuwa nayo. Je, hilo si soko?"

Sikudhani akafikiri. Kibibi alikuwa anamvuta sikio. Akasema ni soko.

*

Sukari ikaja kwa malori. Kwa miezi minne kabla ya hapo wilaya nzima ilikuwa inakunywa chai ya chumvi na kuwaambia watoto kwamba huo ndio utamu wa kisasa. Sasa magunia yakapita barabarani mbele ya macho yao, meupe, mazito, yameandikwa CHAKULA CHA WAPIGA KURA. Kila asubuhi Sikudhani alimwaga ndoo za divai changa mtaroni, akatia maji, akatia sukari, akaweka sikio. Mapipa hayakuwa yakinyonya tena wala kushiba. Yalikuwa yanalia, kilio kimoja kisichopanda wala kushuka, kama mtoto anayeshindiliwa uji alioukataa.

Mama Chausiku alikuja uani na kikombe cha bati.

"Shoga, nipe kijiko kimoja tu. Vitumbua vyangu vimekuwa kama vigae."

"Wananihesabia kwa mizani, shoga. Hata anayoidondosha sisimizi wanaiandika."

"Basi geuka uangalie pale."

Sikudhani aligeuka akaangalia pale. Mama Chausiku alichota konzi moja. Askari walimkamata kabla hajafikisha mkono kwenye kikombe, na kwa kuwa alikuwa ameikunja ngumi kwa hofu, iliwabidi waifungue kidole kimoja kimoja. Shtaka lilikuwa kuwanyima chakula wapiga kura kwa nia ya kubadilisha matokeo. Alipata miaka tisa. Kikaango chake kilibaki motoni kikitoa moshi mpaka mafuta yakaisha, na jioni Sikudhani alikwenda akakiipua.

*

Uchaguzi ulikuwa huru. Mwenyekiti wa Tume alifika Jimbo la Mapipa na kipimo cha daktari cha kusikilizia moyo, akaeleza utaratibu: povu linalopanda juu ni Ndiyo. Povu linalobaki chini limeharibika. Sikudhani aliamriwa akae pembeni, kwa sababu kituo kile kilikuwa cha chachu tu, na jina lake kwenye daftari la watu lilikuwa limefutwa kupisha majina mengine.

Baada ya mapovu mia mbili na kumi mwenyekiti alichoka, akasema yaliyobaki yanafanana.

Kura za watu zilihesabiwa pia, lakini kwa kuwa zilikuwa milioni nne tu, ziliishia kwenye desimali. Mtukufu Baba wa Wote alishinda kwa asilimia mia moja kamili. Hapo wageni waangalizi wakakohoa. Wakashauri kwa adabu kwamba mia kamili ina harufu. Tume, ambayo ilikuwa na usikivu mkubwa, ikatia Hapana moja, kama mtu anavyotia kijiti cha mdalasini kwenye pilau, inukie. Ikatangazwa redioni: Jimbo la Mapipa, Ndiyo bilioni nne, milioni mia nne tisini na tisa, elfu mia tisa tisini na tisa, mia tisa tisini na tisa. Hapana, moja.

Mapipa yakabebwa. Kimiminika kile kikapewa chupa na jina, Divai ya Ushindi, kikanywewa Ikulu, na mabalozi kumi na wanane wakasema hawajapata kuonja kitu kama kile, jambo ambalo lilikuwa kweli. Sikudhani akapewa stakabadhi yenye mihuri mitatu kwamba mavuno yake yamefika sokoni. Aliibusu stakabadhi ile. Akaitia ndani ya kanga, kifuani, akalima kandokando ya mizabibu siku nzima akiimba.

Asubuhi iliyofuata akaja bwana mmoja mpole wa Idara ya Utulivu. Alivua viatu mlangoni.

"Mama, samahani kwa usumbufu. Natafuta mwenye ile Hapana."

"Si waliitia wenyewe? Watu wote wanajua, inukie..."

"Kura ikishatangazwa redioni lazima iwe na mwenyewe. Siku ya kura, kituoni hapa, kulikuwa na nani zaidi ya chachu?"

"Askari, na Tume, na mimi."

"Askari na Tume walikuwa kazini. Wewe ulisema Ndiyo?"

"Sikuulizwa, baba."

"Ulikaa kimya."

"Niliambiwa nikae pembeni."

"Mtu mzima akikaa kimya pembeni, mama, kuna jambo anasema." Akamtazama Kibibi, akamchekea, Kibibi naye akamchekea. "Watoto wa wafungwa tunawalea vizuri sana siku hizi. Wengine hata hawakumbuki kama walikuwa na mama. Nitarudi saa tisa."

*

Saa saba akaja Ndugu Pakacha akihema, amekimbia njia nzima na daftari lake kwapani.

"Mama Kibibi, nimekupatia njia. Chachu wote walisema Ndiyo, sivyo? Imetangazwa. Basi nikikuandika wewe chachu, ile Hapana haiwezi kuwa yako. Sheria inakataa."

"Na itakuwa ya nani?"

"Tutampa Mama Chausiku. Yeye yuko ndani tayari."

"Siku ya kura alikuwa jela!"

"Ndiyo maana alikuwa na hasira." Akafuta jasho. "Ile miaka tisa itakuwa maisha, lakini kwa umri wake ni karibu sawasawa. Tia sahihi, mama, saa zinakwenda."

Sikudhani aliangalia upande wa ua wa mabua. Hakukuwa na kichwa juu yake. Mgongoni, Kibibi alikuwa amesinzia, pumzi yake ya joto ikimgonga shingoni, taratibu, ya mtoto aliyeshiba. Akatia sahihi. Ilikuwa sahihi nzuri, ya masomo ya jioni.

"Sasa shamba langu liko salama," akasema. Hakuwa anauliza, alikuwa anajiombea.

"Shamba liko salama kabisa. Chachu hawamiliki ardhi, lakini wana mwakilishi wao, na Mheshimiwa Lukindo ndiye mbunge wenu, amepita bila kupingwa. Atawashikia. Nyumba pia. Wewe utalala bandani kwenye mapipa, si ulisema wafanyakazi hulala humohumo? Msimu ujao atahitaji mtu wa kusikiliza."

Akatoa kadi mpya ya kijani, akaijaza goti likiwa meza. Sikudhani aliisoma kutoka juu mpaka chini. Jina. Jimbo: Mapipa. Kazi: chachu. Mahali pa tarehe ya kuzaliwa palikuwa pamepigwa mstari. Chini yake palikuwa na tarehe moja tu.

"Baba, hii ni siku ya nini?"

Ndugu Pakacha alishughulika na kifuniko cha kalamu. "Chachu hufa kazi ikiisha. Wewe mwenyewe ulituandikia, tena vizuri sana. Wizara imeichapa sentensi ile. Na kazi iliisha jana. Lakini Mheshimiwa ana huruma, ametoa siku arobaini kwa kila mmoja, kuanzia leo."

"Lakini umesema msimu ujao..."

"Msimu ujao atahitaji mtu. Sikusema nani."

Upepo ulipita kwenye mizabibu, majani yakageuka upande wa chini, meupe. Sikudhani akamshusha Kibibi mgongoni, akamshika kifuani kwa mikono yote miwili.

"Na huyu?"

"Aliyezaliwa na chachu ni chachu." Akachukua kadi ya pili. Kalamu ikasimama juu ya karatasi.

"Andika mbali, baba," akasema Sikudhani. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya adabu. "Huyu bado ananyonya. Andika mbali kadiri unavyoweza."

Ndugu Pakacha alitazama mlangoni. Naye alikuwa na watoto wanne. Aliizungushia kadi mkono kama mwanafunzi anayeficha jibu, akaandika haraka, akapuliza wino ukauke.

"Nimemtilia arobaini na moja," akanong'ona. "Ukimwambia mtu, nitakanusha."

Sikudhani akapiga goti kama alivyolelewa, akapokea kadi ile.

"Ahsante, baba," akasema. "Mungu akuzidishie."